Mtani Hadaiwi

Lililomchoma Lugembe kuliko mengine yote ni kwamba na yeye alicheka.

Alicheka ndani ya ofisi ya Damas, mbele ya wateja waliokuwa wakisubiri kwenye benchi, siku aliyokwenda kuuliza habari za akiba yake ya uzeeni. Kwa miaka tisa, kila msimu wa asali ulipokwisha na ndoo zikauzwa, alimpelekea Damas fungu lake bila kukosa, akiamini kwamba fedha hizo zinaongezeka mahali fulani kimyakimya, kama kundi la nyuki lililopata mzinga mzuri. Siku hiyo binti wa mapokezi alimgeuzia kompyuta aone kilichopo. Kilichopo kilikuwa pungufu ya alichoweka. Lugembe akamwomba atazame tena jina, akidhani amefunguliwa hesabu ya mtu mwingine.

Damas akatokea chumba cha ndani, tai imemkaa sawasawa, mikono ameikunjua kama mtu anayepokea mgeni wa harusi.

"Mpagazi wangu. Nani amekutua mzigo leo?"

"Damas, nimeweka miaka tisa. Mbona kilichomo ni kidogo kuliko nilichotia? Mnakata nini?"

Damas hakumjibu yeye. Aliwageukia waliokuwa kwenye benchi. "Jamani, mwoneni huyu. Babu yake alibeba pembe za ndovu kutoka Ujiji mpaka pwani, akalipwa kaniki, akashukuru, akarudi kwa miguu. Mjukuu amebeba ndoo ya asali mpaka hapo sokoni tu, tayari anataka mahesabu. Tangu lini mtani akamdai mtani?"

Benchi lote likaangua kicheko. Na Lugembe akajisikia akicheka nao na kujibu kama desturi inavyotaka: "Watu mnaolima mmejifunga kamba kiunoni msije mkaporomoka mlimani, hesabu mtaijulia wapi?" Wakacheka zaidi. Damas akamshika bega, akamsindikiza hadi mlangoni, akamwambia amsalimie mkewe, akarudi ndani. Lugembe akajikuta kando ya barabara, jua la Tabora utosini, hana jibu hata moja mkononi.

Lugembe alikuwa Mnyamwezi na Damas Mluguru, na kati ya makabila hayo mawili utani ni wa zamani kuliko reli. Ulizaliwa katika njia ya misafara, pale wapagazi wa Unyanyembe walipopita chini ya milima ya Uluguru na mizigo yao, wakanyimana maji na wenyeji, wakapigana, wakazikana, na mwishowe wakaona ni afadhali watukanane kwa kicheko kuliko kuuana. Tangu hapo mtani humwambia mtani wake neno lolote, humchukulia kuku wake, humkalia kiti chake, na anayekasirika ndiye mwenye aibu. Ni desturi njema. Imezuia damu nyingi. Lakini Damas alikuwa ameigeuza mlango wa nyuma wa ofisi yake, na kila mteja wa Kinyamwezi aliyekuja na swali alitolewa kwa mlango huo akiwa anacheka.

Kulikuwa na jambo la pili, na hili Lugembe hakuweza kumlaumu mtu mwingine. Yeye na Damas walisoma shule moja ya bweni, Damas akiwa kaka mkuu wakati Lugembe yuko kidato cha kwanza. Katika shule ile mtoto wa kidato cha kwanza hamuulizi kaka mkuu. Akiambiwa chota maji, huchota. Akiambiwa lala, hulala. Malezi yale yalimjenga Lugembe: yalimfundisha kuamka kabla ya jua, kutunza neno lake, kutoiba hata kipande cha sabuni. Lakini siku Damas alipomjia na mpango wake wa uzeeni, mwanamume mwenye mke, watoto na ghala la asali alitia saini bila kuuliza ada, kwa sababu aliyekuwa mbele yake bado alikuwa kaka mkuu. Karatasi za mkataba alikuwa nazo kabatini miaka yote. Hazikufichwa. Hakuzisoma kwa sababu kuzisoma kungekuwa ni kumtilia shaka.

Jioni alimweleza mkewe, Batuli, aliyekuwa akishona sare za shule barazani kwao Itetemia.

"Na ukacheka?" Batuli aliuliza.

"Nikacheka."

"Basi amekula mara mbili."

Lugembe hakulala vizuri usiku huo, na asubuhi alijua anachokitaka. Hakutaka kumpiga Damas, wala kumpeleka mahakamani. Saini ilikuwa yake na ya hiari. Alitaka watu walewale waliocheka wamsikie Damas kwa kinywa chake mwenyewe akisema anachokula katika akiba zao, na asiwepo hata mmoja wa kucheka. Alitaka jambo hilo kama mgonjwa anavyotaka maji.

Hasira haina subira, na kwanza ilimpeleka njia mbaya. Alikuwako mtu anayeitwa Majidi, mnunuzi wa asali aliyekuwa akipita Nzega kila wiki, na huyu akamnong'oneza habari za duara, yaani shimo la dhahabu, lililokuwa likitafuta wenye mitaji. Miezi sita tu, alisema Majidi, fedha inarudi mara tatu. Lugembe akaanza kujiona akishuka kwenye gari jeupe mbele ya ofisi ya Damas, akipiga honi. Alizungumza habari za gari lile kwa siku kadhaa mpaka Batuli akasimamisha cherehani.

"Baba Zuwena, nikuulize. Unataka kulipiza kisasi, au unataka kula uzeeni?"

"Vyote viwili."

"Basi usivitie kwenye chungu kimoja. Kisasi kinataka moto mkali. Chakula kikipikwa hivyo huungua nje, ndani kibichi. Wewe huna mwajiri wa kukulipa pensheni. Ukizitupa zilizobaki shimoni Nzega, Damas atakucheka mara ya pili, na safari hiyo nami nitacheka naye."

Neno hilo lilimkalia vibaya, na lilikuwa la haki. Majidi akaenda Nzega peke yake.

Lugembe akarudi kwenye nidhamu aliyolelewa nayo. Alitoa mkataba kabatini akausoma ukurasa kwa ukurasa, kalamu mkononi, kama mtahini. Kulikuwa na ada ya kuingia. Kulikuwa na ada ya kila mwaka, nayo haikukatwa kwenye faida bali kwenye fungu zima, mwaka uwe wa neema au wa njaa. Kulikuwa na kamisheni ya wakala, na wakala ni Damas. Kulikuwa na adhabu ya kutoka mapema. Kila moja iliandikwa kwa upole, na zote kwa pamoja zilikuwa zimekula faida yake yote na kuanza kula mzigo wenyewe.

Kisha akaenda mjini, benki, kwa ofisa mmoja kijana aitwaye Najiat, akaketi mbele yake na kofia magotini.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Mimi nina miaka arobaini na minane na sijui kitu. Nataka mahali pa kuweka akiba ya uzee. Nina maswali matatu. Ndani ya mfuko wenu mna nini, mnakata nini, na nikitaka kutoka natokaje."

Najiat akacheka kidogo. "Baba, wengi huuliza swali moja tu: nitapata ngapi."

"Hilo usilijibu. Waliolijibu ndio walionila."

Akamweleza polepole. Kulikuwa na mifuko ya vipande, ambamo maelfu ya watu huchanga, na fedha yao hununua hatifungani za serikali pamoja na hisa za makampuni mengi kwa wakati mmoja, hivyo kampuni moja ikianguka mtu haanguki nayo. Kiwango cha kuanzia kilikuwa kidogo. Hata muuza mihogo angekimudu. Ada ya mwaka katika mfuko aliomwonyesha ilikuwa ndogo, na kuingia hakukuwa na malipo. Mtu akitaka fedha yake, huomba, husubiri siku chache, huipata. Kulikuwa pia na hatifungani zenyewe, ambazo mtu anaikopesha serikali kwa miaka mingi na kulipwa riba yake kila baada ya miezi sita.

"Na je, inaweza kushuka?"

"Vipande vinaweza kushuka, baba. Mwaka mwingine utatazama uone pungufu. Asiyekwambia hivyo anakudanganya. Ndiyo maana inatakiwa fedha usiyoihitaji karibuni. Ya ugonjwa na ya ada za watoto iweke kwanza kando, mahali unapoifikia upesi. Hii nyingine uinunulie kidogo kidogo kila mwezi, uiache."

"Niiache tu?"

"Uiache tu. Kazi kubwa ni kutoigusa."

Lugembe alitoka pale akiwa na huzuni ya ajabu. Alikwenda kutafuta mkuki, akapewa jembe. Hakukuwa na siri wala ujanja wa kumtikisia mtu usoni. Palikuwa na utaratibu mkavu, wa kuchosha, unaofanana na kupanga mstari wa kwenda bwaloni. Lakini kadiri alivyoutazama ndivyo alivyouheshimu. Akafungua hesabu wiki ileile. Na jinsi alivyozidi kuelewa jambo lilivyo rahisi, ndivyo ghadhabu yake kwa Damas ilivyozidi, maana mtu aliyekuibia kwa akili nyingi unaweza angalau kumstahi, lakini Damas alikuwa amemla kwa jambo ambalo lingeelezwa barazani kabla chai haijapoa.

Wakati huo ndipo mama yake Damas alipofariki. Mama Eustadia alikuwa ameletwa kutoka milimani Mgeta alipozeeka, akaishi mjini Tabora na mwanawe, na Lugembe alimpenda. Mama huyo alikuwa akimwita "punda wangu" na kumpakulia mlo wa kwanza. Mtani alikuwa na kazi msibani, na safari hii Lugembe aliifurahia kazi hiyo kwa namna isiyompasa mtu kufurahia msiba.

Kwa desturi, kaburi likiwa wazi, mtani ana haki ya kushuka ndani na kulala, na maiti hashuki mpaka wafiwa wamkomboe. Lugembe akashuka. Akalala chali kwenye udongo mwekundu, mikono kifuani, na pembeni mwa shimo akaona nyuso zikiinama: wateja wa Damas, wafuga nyuki, wafanyabiashara wa Gongoni, watu walewale wa benchi.

"Sitoki," alisema kwa sauti ya kufika mbali. "Fedha yenu siitaki. Sitoki mpaka huyu mtoto wa marehemu aseme hadharani anakula kiasi gani katika akiba ya uzee ya kila mtu aliyesimama hapa."

Wakacheka. Hata padre aliinamisha kichwa afiche meno. Damas, macho mekundu ya kilio, akasogea ukingoni, akatupa noti ya elfu kumi ikamwangukia Lugembe tumboni.

"Nakula vyote, mpagazi. Nakula faida, nakula na mtaji, na nikimaliza nitakuja kula na mizinga yako. Sasa toka, mama yangu apumzike."

Kicheko kilichopanda pale kiliwaliza watu machozi kwa mara ya pili siku hiyo. Wakampa Lugembe mikono, wakamvuta juu, wakampiga mgongoni wakisema hawajaona mtani wa namna ile tangu wazee walipokwisha. Yeye alisimama akijikung'uta udongo. Damas alikuwa amekiri. Amekiri mbele ya mji mzima, neno kwa neno, na hakuna hata mmoja aliyesikia.

Alirudi nyumbani kwa miguu, akiliwaza hilo njia nzima. Ndani ya utani hakuna uongo wala kweli. Kila kitu hutumbukizwa humo kikatoka kicheko. Alikuwa ameipeleka silaha yake mahali ambapo silaha zote hugeuka ngoma. Kama anataka kusikiwa, itampasa autoe utani nje ya mlango na kuufunga. Na hilo ni jambo zito, kwa kuwa watu wana desturi ya kuuanza utani na kuutunza. Ya kuuvunja hawana.

Alingoja. Nafasi ilikuja mwisho wa msimu, katika mkutano mkuu wa chama cha wafuga nyuki, ambacho Lugembe alikuwa mweka hazina wake. Wanachama walikuwa wamezeeka wakipanda miti na mizinga. Walitaka sehemu ya mauzo ya kila mmoja iwekwe kwa ajili ya siku ambazo miguu haitafika msituni tena. Mwenyekiti, Mzee Shomari, alikuwa amemwalika Damas aeleze mpango wake, na fomu zilikuwa tayari mezani, kalamu juu yake.

Lugembe alivaa shati jeupe, akalifunga hadi kifungo cha shingo kama siku ya ukaguzi wa mabweni. Alikuja na ndoo mbili za asali, upawa, kijiko cha chai na kopo tupu. Watu walidhani ni zawadi za mgeni.

Damas alisema vizuri. Sikuzote alisema vizuri. Alieleza habari za nyumba za wazee, heshima, watoto wasiosumbuliwa. Alipomaliza, makofi yakapigwa, na wa kwanza kuinuka kuelekea kwenye fomu alikuwa Mzee Ngollo, aliyekuwa amefuga nyuki kabla ya wengi waliokuwamo kuzaliwa.

"Mwenyekiti," alisema Lugembe, "kabla ya saini, nina swali kwa Bwana Damas."

Lile neno "Bwana" liliwafanya wachache wageuze shingo.

"Ada yenu ni kiasi gani, na inakatwa kwenye nini?"

Damas akatabasamu, akawageukia watu kama alivyozoea. "Nilijua tu. Mpagazi hawezi kuona mzigo wa mwenziwe asiulizie uzito. Jamani, huyu hata kaburini kwa mama yangu..."

"Mtani wako hakuja leo," Lugembe akasema. Hakupandisha sauti. "Aliyesimama hapa ni mteja wako wa miaka tisa. Mjibu mteja."

Wawili watatu wakacheka kwa mazoea. Kicheko kikatazama huku na huku, kikakosa wenziwe, kikafa. Damas akangoja Lugembe amalizie mzaha. Lugembe hakuwa na mzaha wa kumalizia. Alimtazama usoni bila kupepesa, na chumba chote kikaona jambo ambalo hakikuwahi kuliona, Mnyamwezi anamtazama Mluguru na hakuna anayetukana.

"Ni asilimia chache," Damas alisema mwishowe.

"Za faida, au za fungu zima?"

"Za fungu zima. Ni kawaida katika..."

"Tuonyeshe kwa asali. Wenzangu hapa asilimia zinawachanganya, lakini asali wanaijua." Akaisogeza ndoo moja mbele yake, akafunua. "Hii ni akiba ya Mzee Ngollo. Huu hapa upawa. Toa ada ya kuingia."

Damas akamtazama mwenyekiti. Mzee Shomari alikuwa mtu wa amani, na alichukia jambo lililokuwa likitokea. Lakini na yeye alikuwa na akiba yake kwa Damas.

"Mwonyeshe, mwanangu," alisema. "Kama ni kidogo, tutakiona ni kidogo."

Damas akachota upawa mmoja, akamimina kwenye kopo.

"Mwaka wa kwanza," Lugembe akasema. Kutoka ndoo ya pili akaongeza upawa mmoja. "Nyuki wameleta. Chota ada yako ya mwaka. Hapana, si nusu. Mkataba ninao nyumbani, nimeusoma. Na ile kamisheni ya wakala. Haya. Mwaka wa pili."

Wakaendelea hivyo. Asali ni nzito, haimiminiki upesi, na kila upawa uliacha uzi mrefu wa dhahabu uliochukua muda kukatika, na watu wakautazama kila mmoja mpaka ukakatika. Mkono wa shati la Damas ukaloa.

"Mwaka huu jua limewaka. Miombo haikutoa maua, nyuki hawajaleta kitu. Siongezi. Chota."

"Lugembe."

"Chota. Ndivyo mlivyoandika."

Damas akachota. Hapo ndipo sauti ya Mzee Ngollo iliposikika, kavu, kutoka kando ya meza ya fomu: "Hata mwaka wa jua?"

Hakuna aliyemjibu, na hakuna aliyecheka. Damas akaweka upawa mezani. Lugembe akausikiliza ukimya ule kama mtu anavyosikiliza jina lake likisomwa la kwanza darasani. Ndio aliokuwa ameutafuta. Ulikuwa mtamu, na hakujionea haya kuuonja mpaka mwisho.

Kisha akainyanyua ndoo ya pili. "Msidhani nimewaletea mahali pa bure," aliwaambia wanachama. "Kwenye mifuko ya vipande pia wanachota." Akazamisha kijiko cha chai, akakionyesha. "Hiki. Na mwaka wa jua, huko nako nyuki hawaleti, tena ndoo yenyewe inaweza kupungua. Atakayekuja kuniuliza kwa nini imepungua nitamwambia sijui, ningoje naye. Lakini anayechota kwa kijiko humbakishia mzee cha kula. Nendeni benki mkaulize wenyewe. Waulizeni wanakata nini kabla hamjawauliza mtapata nini. Msiniamini mimi, nimewahi kumwamini mtu."

Mpango wa Damas haukupitishwa. Mzee Ngollo alirudisha kalamu mezani. Mmoja alijaza fomu hata hivyo, kwa kuwa Damas aliwahi kumsaidia mwanawe kupata nafasi ya shule, na Lugembe hakumzuia. Mtu mzima ana haki ya kulipa deni lake la shukrani kwa bei anayoitaka. Katika majuma yaliyofuata benchi la ofisi ya Damas lilijaa watu waliokuja kuuliza, na safari hii hawakuja na kicheko.

Damas mwenyewe alifika Itetemia mchana mmoja, bila tai. Lugembe alikuwa uani akichuja asali kwa kitambaa. Akamwelekeza kigoda, akamwambia mkewe alete chai na michembe ya viazi vitamu vikavu, kwa sababu mgeni ni mgeni.

"Nimeona umeandika barua ya kutoka," alisema Damas. "Umekubali kukatwa adhabu. Ungengoja miaka sita usingekatwa."

"Katika miaka sita hiyo ungekata zaidi. Nimepiga hesabu."

Damas akaitafuna michembe yake taratibu. "Wateja wanaondoka. Umefurahi?"

"Nimefurahi."

"Ile ada sikuitunga mimi. Inatungwa makao makuu."

"Lakini uliijua."

"Niliijua."

"Basi."

Kuku wakapita kati yao. Damas akaweka kikombe chini, na usoni mwake pakapita kitu cha ule ujana wa bwenini, kabla hajawa kaka mkuu wa mtu yeyote. "Sasa, mpagazi..."

"Lugembe."

"Lugembe." Alilitamka kama neno la lugha ngeni. "Sina ndugu huku. Mama nimemzika. Nikifa mimi, nani atashuka kulala kwenye kaburi langu?"

Lugembe alikamua kitambaa mpaka tone la mwisho.

"Nitakuja kukuzika," alisema. "Nitakaa mkekani na wengine, nitatoa rambirambi, nitarudi nyumbani. Kaburini watashuka wa kukushusha tu."

Damas akainuka, akamshukuru Batuli kwa chai, akatoka kwa mlango wa uani. Hatua zake zilisikika kwenye changarawe hadi kona ya barabara.

"Hilo la mwisho limezidi, Baba Zuwena," alisema Batuli kutoka barazani.

"Najua," alisema Lugembe, na hakumwita Damas arudi.